Binti wa Nani?

MJUKUU: Bibi, nimesikia Marekani kuna chama cha akina mama, Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani. Eti huingii mpaka uwe wa damu ya mtu aliyesaidia kuwang'oa Waingereza. Ni kweli?

BIBI: Ni kweli kabisa. Kilianzishwa Washington, Oktoba 1890, baada ya chama cha wanaume wa nasaba hiyohiyo kuwakataa wanawake. Kiongozi wao wa kwanza alikuwa Caroline Harrison, mke wa rais wa nchi. Mwanamke aliyetimiza miaka 18 huomba kupitia tawi la mji wake.

MJUKUU: Anafika tawini, anamtaja babu yake, basi?

BIBI: Atataja mpaka achoke! Msajili wa tawi anataka hati. Mama yako ni huyu. Cheti chako cha kuzaliwa kiko wapi? Bibi yako aliolewa na fulani. Hati ya ndoa iko wapi? Mnapanda hivyo, kizazi kwa kizazi, mpaka vita vya 1775 hadi 1783. Mkifika huko, mwonyeshe na alichofanya babu yenu. Si lazima awe alishika bunduki. Aliyetoa ng'ombe wa kulisha jeshi, na jina lake likaandikwa, anatosha. Hilo nalipenda, maana jeshi haliendi na njaa.

MJUKUU: Na watumwa je? Watu weusi nao walipigana.

BIBI: Walipigana, maelfu. Sasa fungua orodha za watumwa katika sensa ya 1850. Utakuta jina la bwana, na chini yake: mwanamke, miaka 30, mweusi, mtoto wa kiume, miaka 4, mweusi. Majina hamna. Wengi wao sensa iliwataja kwa majina mara ya kwanza mwaka 1870. Mjukuu wa yule mtoto atampelekea msajili nini?

MJUKUU: Kumbe kikwazo kilikuwa karatasi tu.

BIBI: La, usiwaachie kirahisi hivyo. Mwaka 1939 walimnyima mwimbaji mweusi, Marian Anderson, ukumbi wao asiimbe, na yeye hakuomba uanachama. Miaka ya 1980, Lena Ferguson wa Washington alikuwa na hati zake, akataka kuingia tawini. Kanuni ilidai wanachama wawili wamdhamini. Kwa kuwa ni mweusi, milango ikafungwa. Na wakati huo Karen Batchelor, mweusi mwenzake, alishapokewa na tawi la Michigan tangu 1977! Chama ni kimoja, lakini tawi ndilo lililoshika ufunguo.

MJUKUU: Na Lena, akaacha?

BIBI: Hakuacha. Mwaka 1984 chama kilikubali kuweka wazi kwamba rangi si sababu ya kumkataa mtu, na kikaahidi kuwatafuta wapiganaji weusi waliosahauliwa. Kitabu chao cha 2008 kina majina zaidi ya 6,000, ya weusi na ya wenyeji wa asili. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yao bora kuliko zote. Mwaka 2012 Wilhelmena Kelly, mwanamke mweusi, akaanzisha tawi lake Queens, New York.

MJUKUU: Na huko wanadai hati zilezile?

BIBI: Zilezile. Ila siku hizi anayetafuta ukoo wake huanzia kwenye wosia za mabwana. Humo watumwa walitajwa kwa majina, kwa sababu walikuwa wakigawiwa warithi pamoja na farasi na vitanda.