Skrini Moja Kubwa au Mbili Ndogo? Namna ya Kuchagua Chombo cha Kuonyeshea Darasani

Katika makala haya tunakusudia kulijadili swali ambalo wanachuo wetu hurudi nalo kutoka kwenye mazoezi ya kufundisha. Shule imepata kompyuta moja, na kamati ya shule imetenga fedha za kununua skrini, yaani kioo cha kuonyeshea maandishi na picha za kompyuta hiyo mbele ya darasa. Fedha zilizopo zatosha ama skrini moja kubwa ama mbili ndogo. Mwalimu kijana, kwa kuwa ndiye aliyetoka chuoni juzi, huulizwa inunuliwe ipi. Jibu lake lina uzito, kwa maana fedha za namna hiyo hazipatikani kila mwaka, na kitakachonunuliwa kitakaa ukutani miaka mingi, kiwe kimefaa au hakikufaa.

Aghalabu swali hili hujibiwa dukani. Muuzaji hutaja inchi, mnunuzi hulinganisha bei, na shauri likaisha. Sisi twaona kwamba lapaswa kujibiwa darasani, tena kwenye dawati la mwisho kabisa.

Tuanze na hizo inchi. Kipimo kinachotajwa dukani ni urefu wa ulalo, yaani kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe inayoielekea. Si upana wala si kimo. Skrini nyingi za siku hizi zina uwiano wa 16 kwa 9 kati ya upana na kimo. Kwa hiyo mwalimu anayeikumbuka kanuni ya Pythagoras aweza kukokotoa vipimo vyake mwenyewe. Miraba ya 16 na 9 ikijumlishwa hupatikana 337, na kipeuo cha pili cha namba hiyo ni 18.36 hivi. Basi upana ni ulalo mara 16 gawanya kwa 18.36, na kimo ni ulalo mara 9 gawanya kwa namba iyo hiyo. Skrini ya inchi 55 hutoa upana wa sentimita 122 na kimo cha sentimita 68. Ile ya inchi 32 hutoa sentimita 71 kwa 40. Eneo la kwanza lakaribia sentimita za mraba 8,300. La pili ni zaidi kidogo ya 2,800. Kumbe skrini mbili za inchi 32, ambazo ukizijumlisha inchi zake zapata 64, kwa eneo hazifikii ile moja ya 55. Ulalo haujumlishwi kama embe kapuni. (Hesabu hii ni zoezi jema kwa wanafunzi wa darasa la saba, nao huifurahia kuliko mifano ya ngazi zilizoegemezwa ukutani.)

Hata hivyo eneo peke yake halimsomeshi mtoto. Linalomsomesha ni ukubwa wa herufi ukilinganishwa na umbali wake. Mwaka 1862 daktari wa macho wa Uholanzi, Herman Snellen, alitengeneza chati ya herufi ambayo mfano wake ungali unatumika katika kliniki za macho. Kwa kipimo chake, jicho zima linapaswa kuitambua, kutoka mita 6, herufi yenye kimo kisichofika milimita 9. Lakini hapo jicho limefika mwisho wa uwezo wake. Mtu aweza kuisoma herufi moja kwa kukaza macho. Hawezi kusoma hivyo kwa kipindi kizima, huku akinakili daftarini. Kwa hiyo sisi huwashauri wanachuo wachukue zaidi ya mara tatu ya kipimo hicho: sentimita 1 ya kimo cha herufi kwa kila mita 2 za umbali. Mtoto aliye mita 8 kutoka ubaoni ahitaji herufi ya sentimita 4. Ukiweka na nafasi kati ya mistari, kila mstari utachukua sentimita 7 hivi. Basi skrini ya inchi 55 itabeba mistari 9, na ya inchi 32 mistari 5 tu.

Mistari 5 ni kidogo mno. Mwalimu asiyeijua hesabu hii hupunguza herufi ili maneno yote yaenee, na hapo ndipo madhara yanapoanza. Tulipokuwa tukisimamia mazoezi ya kufundisha katika shule moja, tuliona safu mbili za nyuma zikinakili kwa utulivu mkubwa. Tulipozunguka tulikuta kwamba wananakili kutoka katika daftari za wenzao wa mbele yao, na kosa moja la tahajia lilikuwa limesafiri kutoka dawati hadi dawati mpaka ukutani. Mwanachuo alikuwa ameandika katika taarifa yake kwamba darasa lote limeshiriki.

Kwa hesabu hizo mtu angedhani kwamba skrini kubwa imekwisha kushinda. Sivyo, kwa sababu skrini mbili zaweza kutumika kwa njia mbili zilizo tofauti kabisa, na wengi hufikiria moja tu.

Njia ya kwanza ni kuzifanya zote mbili zionyeshe kitu kimoja. Skrini moja huwekwa mbele, na ya pili hutundikwa kwenye ukuta wa ubavuni, katikati ya urefu wa chumba. Watoto wa nusu ya mbele huitazama ya kwanza, na wa nusu ya nyuma huitazama ya pili. Sasa hakuna mtoto aliye mbali zaidi ya mita 4 au 4 na nusu. Umbali ukipungua nusu, mahitaji ya herufi nayo hupungua nusu. Skrini ya inchi 32 kwa mita 4 humwonekania mtoto sawasawa na ya inchi 64 kwa mita 8. Mistari 10 yaenea bila taabu. Kwa chumba kirefu na chembamba, chenye madirisha yanayong'arisha kioo cha mbele, twaipendelea njia hii kuliko skrini moja kubwa. Tena moja ikiharibika, darasa halikosi yote.

Gharama zake nazo zitajwe. Pahitajika kifaa kidogo cha kuigawa picha, waya mrefu unaopita juu ukutani (si sakafuni, watoto wasije wakajikwaa), na soketi ya pili ya umeme. Kadhalika mwalimu hawezi tena kuelekeza kwa fimbo, kwa maana walio nyuma hawaitazami fimbo yake. Hana budi kuelekeza kwa kishale cha kipanya, ambacho huonekana kwenye skrini zote mbili kwa pamoja. Jambo hili lataka mazoezi. Tena ataongea na darasa ambalo nusu yake limempa ubavu. Mwalimu mgeni katika kazi hulegea haraka katika hali hiyo.

Njia ya pili ni kuzitundika zote mbili mbele na kuonyesha vitu tofauti: mchoro huku, maelezo kule. Wanachuo huipenda kwa kuwa yapendeza macho. Sisi hatuipendi kwa sehemu kubwa ya masomo ya msingi. Mwaka 1992 Paul Chandler na John Sweller, wataalamu wa elimu wa Australia, walichapisha uchunguzi uliohusu mwanafunzi anayelazimika kuunganisha habari zilizowekwa mahali pawili. Walionyesha kwamba ile kazi ya kuhamisha macho na kushikilia kichwani alichokiona humla nguvu ambazo zingetumika kuelewa. Mwalimu wa zamani aliyejua kazi yake alilifahamu jambo hili bila uchunguzi. Alipochora ua ubaoni aliandika "petali" na "stameni" kando ya mishale ileile, si kwenye pembe nyingine ya ubao. Ramani na ufunguo wake, mchoro na majina ya sehemu zake, swali la hesabu na umbo lake: hivi vikae kwenye kioo kimoja.

Vitu viwili vinavyolinganishwa ni shauri jingine. Mzizi mkuu wa mharage na mizizi nyuzi ya mhindi vyafaa kuwekwa ubavu kwa ubavu. Lakini skrini moja kubwa yaweza kugawanywa katikati kama tunavyougawa ubao kwa mstari wa chaki, ilhali skrini mbili ndogo haziwezi kuunganishwa zikabeba ramani moja bila ukingo mweusi kupita katikati ya nchi. Ama kuhusu yale yanayopaswa kubaki mbele ya macho tangu mwanzo wa kipindi hadi mwisho, kama msamiati mpya, skrini ya pili tunayo tayari. Ndiyo ubao, nao hauhitaji umeme.

Meza ya mwalimu ina hukumu yake. Hapo mtazamaji ni mmoja, umbali ni urefu wa mkono, na kazi yenyewe, yaani kuandaa azimio la kazi huku muhtasari umefunguliwa, yataka karatasi mbili mbele ya macho. Skrini mbili zafaa sana. Lakini mwenye kompyuta mpakato tayari anayo moja. Akiongeza ya inchi 24 amekwisha kuwa nazo mbili. Hiyo ya inchi 24 ina kimo cha sentimita 30, karibu sawa na karatasi ya A4, na upana wake wa sentimita 53 hubeba karatasi mbili kama hizo. Skrini kuukuu za inchi 19 zenye uwiano wa 5 kwa 4, ambazo watu huzidharau, zina kimo kilekile cha sentimita 30. Iliyo nzima isitupwe. Tahadhari moja tu: skrini ya inchi 32 yenye nukta 1920 kwa 1080 haionyeshi mistari mingi kuliko ya inchi 24 yenye nukta hizo hizo. Huzikuza herufi tu. Anayetaka nafasi zaidi ya kazi aulize idadi ya nukta, si inchi.

Turudi kwenye kamati ya shule, kwa sababu kuna jaribio ambalo halina gharama na lapaswa kutangulia ununuzi. Mwanachuo aunge karatasi za manila, akate kipande kimoja cha sentimita 122 kwa 68 na viwili vya sentimita 71 kwa 40. Avitundike mahali hasa skrini zitakapokaa, saa ambayo jua huingia dirishani. Kwenye kila kipande aandike aya moja fupi ya kitabu cha darasa la tatu, kwa herufi za kimo kinachotakiwa na umbali wa mahali pale. Watoto waketi kama wanavyoketi kila siku, kisha kila mmoja asome kwa sauti mstari anaoonyeshwa, akianza aliye pembeni kabisa nyuma. Atakayeshindwa hali jirani zake wote wamesoma apelekwe kupimwa macho, kwa maana huyo hatasaidiwa na skrini ya aina yoyote. Mahali walipoketi wengine walioshindwa paandikwe kwenye mchoro wa darasa, na mchoro huo uwekwe mezani siku kamati inapokutana, pamoja na orodha ya bei.