Swichi Moja, Sauti Nne: Kuunga Swichi ya Kuchagulia Kwenye Pedali ya Gitaa ya Kujitengenezea

Bendi yetu ya chuo imekuwa ikitegemea pedali tatu za gitaa, na zote ni za mtu mmoja. Mwenyewe anamaliza mwaka huu, na ni haki yake kuondoka na mali yake. Kununua nyingine tatu dukani ni kumaliza bumu lote kisha kula kwa mkopo kantini mpaka muhula uishe. Kwa hiyo tulikubaliana nitengeneze boksi moja lenye saketi tatu ndani: ovadraivu ya kukwaruza sauti, tremolo ya kuitetemesha, na dilei ya kuleta mwangwi. Michoro ya saketi hizo ipo tele, na mwanafunzi aliyepita maabara ya elektroniki anaiweza. Kinachowashinda wengi ni swichi ya katikati, ile inayoamua sauti ipi itoke. Makala hii ni ya hiyo swichi.

Ijue swichi kabla ya kushika chuma cha moto

Swichi ninayoizungumzia ni ya kuzungusha, kama ile ya kubadilishia mkondo kwenye redio za zamani. Kariakoo kwa wauza spea za redio utaikuta imeandikwa 3P4T. Maana yake ni swichi tatu zilizofungwa kwenye mhimili mmoja, kila moja ikiwa na nafasi nne. Ukizungusha kitasa, zote tatu zinahama pamoja.

Igeuze uangalie chini. Mzunguko wa nje una pini 12, na katikati kuna pini tatu zenye herufi A, B na C. Pini A hugusana na moja kati ya 1 hadi 4, B na moja kati ya 5 hadi 8, C na moja kati ya 9 hadi 12. Usiamini maandishi peke yake. Chukua mita, iweke kwenye mlio, gusa A na pini 1, kisha zungusha. Ikilia pale tu panapostahili, andika kwenye karatasi. Kama kitasa kinagoma kabla ya nafasi ya nne, fungua nati: chini yake kuna washa yenye jino inayopunguza idadi ya nafasi. Ihamishe.

Kwa nini sauti nne kwa saketi tatu?

Njia ya kawaida ni kutumia sehemu mbili tu za swichi: A inapeleka sauti ya gitaa kwenye saketi uliyoichagua, B inapokea kilichotoka. Inafanya kazi, lakini unapata saketi moja kwa wakati mmoja. Sisi tunapiga rumba na dansi. Kwenye sebene, gitaa la solo linataka mkwaruzo kidogo na mwangwi kwa pamoja. Sehemu ya tatu, C, ndiyo inayotupa nafasi hiyo ya nne.

Siri ni kuiunga C moja kwa moja kwenye mlango wa kuingilia wa dilei. Kisha swichi inaamua dilei ile sauti kutoka wapi: kutoka kwenye gitaa, kutoka kwenye ovadraivu, au isile kabisa. Mpangilio ni huu:

- A: sauti inayotoka kwenye gitaa.
- Pini 1 na 4, zikiwa zimeunganishwa: mlango wa kuingilia wa ovadraivu.
- Pini 2: mlango wa kuingilia wa tremolo.
- Pini 3: waya kwenda pini 11.
- B: sauti inayokwenda kwenye amplifaya.
- Pini 5: sauti itokayo kwenye ovadraivu, pamoja na waya kwenda pini 12.
- Pini 6: sauti itokayo kwenye tremolo.
- Pini 7 na 8, zikiwa zimeunganishwa: sauti itokayo kwenye dilei.
- C: mlango wa kuingilia wa dilei.
- Pini 9 na 10: ethi.

Sasa ifuate sauti kwa kidole. Nafasi ya kwanza: gitaa, A, pini 1, ovadraivu, pini 5, B, amplifaya. Nafasi ya pili ni hivyohivyo kwa tremolo. Nafasi ya tatu: gitaa, A, pini 3, pini 11, C, dilei, pini 7, B. Nafasi ya nne: gitaa, A, pini 4, ovadraivu, pini 12, C, dilei, pini 8, B. Umeona? Ovadraivu inatangulia, mwangwi unafuata. Ukigeuza mpangilio, ovadraivu itaukwaruza mwangwi pamoja na noti mpya, na msikilizaji atasikia uji.

Pini 9 na 10 nimezipeleka ethi kwa sababu mlango wa saketi ukiachwa unaning'inia hewani huwa kama antena. Hapa dilei inanyamazishwa kila isipohitajika. Kwa ovadraivu na tremolo, weka rezista ya megaohmu 1 kutoka kila mlango wa kuingilia kwenda ethi. Weka nyingine kama hiyo kwenye kila mlango wa kutokea. Kapasita zilizoko milangoni huvuja umeme kidogo kidogo. Bila rezista hizo, umeme ule hujikusanya, na siku ukizungusha kitasa spika inapiga "paa!" mbele za watu.

Mguu na mkono

Kitasa cha kuzungusha hakiendeshwi kwa kiatu. Kwa hiyo mbele yake weka swichi ya kukanyaga yenye pini tisa, 3PDT. Ukiwa hujaikanyaga, sauti inapita moja kwa moja kutoka jeki ya kuingilia hadi ya kutokea. Ukiikanyaga, inapelekwa A na kurudishwa kutoka B. Sehemu ya tatu inawasha taa ya LED kupitia rezista ya kilohmu 4.7. Mkono unachagua sauti kati ya nyimbo. Mguu unaiwasha na kuizima ndani ya wimbo.

Umeme na kelele

Dilei yetu inatumia chipu ya PT2399, ileile inayopatikana kwenye mashine za karaoke. Inataka volti 5, hivyo inapita kwenye regulata ya 78L05. Inakula umeme kuliko ovadraivu na tremolo, na betri ya volti 9 haitakufikisha mbali. Tumia adapta ya volti 9, lakini ipime kwanza. Pedali nyingi za dukani zina hasi katikati ya plagi, na adapta nyingi za vifaa vya nyumbani zina chanya. Weka dayodi ya kinga hata kama unajiamini, maana siku moja mtu mwingine atachomeka ya kwake.

Kila saketi iwe na waya wake wa ethi, na nyaya hizo zikutane sehemu moja tu. Kila saketi pia ipate kapasita ya mikrofaradi 100 kwenye njia yake ya umeme. Boksi liwe la chuma lililoungwa kwenye ethi. Hata kopo la biskuti linafaa. Waya wa kutoka jeki ya kuingilia uwe mfupi, na uwe mbali na ule wa kutokea. Ovadraivu huongeza sauti mara nyingi sana, na nyaya hizo mbili zikilala pamoja boksi litapiga filimbi lenyewe.

Kulehemu na kupima

Paka risasi kwenye ncha ya waya kwanza, paka na kwenye pini, kisha ziunganishe kwa sekunde mbili au tatu. Ukikawia, plastiki ya swichi inalainika na pini inahama.

Sauti ikikosekana, usianze kufumua. Chukua waya wa gitaa wa zamani uliochomekwa kwenye amplifaya, unga ethi yake kwenye boksi, na kwenye ncha yake ya sauti weka kapasita ya mikrofaradi 0.1. Mwombe mwenzako apige nyuzi, nawe gusa kwa mguu wa kapasita hiyo: A, pini 1, mlango wa ovadraivu, pini 5, B. Mahali sauti inapokatika ndipo penye tatizo. Kwa njia hiyo unahitaji masikio tu, na kazi ya usiku mzima inaisha kwa dakika kumi.

Mchoro huu nimeuchora pia kwenye karatasi na kuubandika ndani ya kifuniko cha boksi, pamoja na rangi ya kila waya. Nami nitamaliza chuo siku moja. Boksi linabaki na bendi, na atakayelifungua baada yangu anastahili kukuta maelezo.