Aseme au Anyamaze? Hali Duni katika Maombi ya Chuo cha Tiba

Kijana aombaye nafasi katika vyuo vya tiba vya Marekani kwa kawaida hujaza fomu ya pamoja iitwayo AMCAS. Kwa miaka mingi fomu hiyo ilimuuliza kama angependa kuhesabiwa miongoni mwa waombaji waliokulia katika hali duni. Tangu msimu wa maombi wa 2024 swali hilo limeondolewa. Mahali pake, mwombaji huulizwa kama amepitia mambo mazito yaliyoathiri maisha yake, na akikubali huyaeleza kwa herufi zisizozidi 1,325. Swali limebadilika, lakini uamuzi ni uleule: aseme au anyamaze?

Wengi hunyamaza kwa haya, wakidhani kwamba kusema ni kuomba huruma. Wengine hujilinganisha na walioteseka zaidi, wakajiona hawastahili. Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kamati ya uteuzi haiwezi kuupima mzigo ambao haikuambiwa.

Kabla ya kuamua, mwombaji ajiulize maswali matatu. Je, hali hiyo ilidumu, au ilikuwa taabu ya muda mfupi? Je, ilipunguza muda, fedha au nafasi yake ya kusoma? Je, aweza kuieleza kwa ukweli bila kuongeza chumvi? Akijibu ndiyo kwa yote matatu, aseme. La sivyo, si aibu kuliacha swali hilo. Halikuwekwa kwa ajili ya kila mtu.

Tuchukue mfano wa binti wa wakimbizi kutoka Kongo, aliyekosa vipindi shuleni kwa kuwa ndiye mkalimani wa mama yake kliniki. Maelezo yake yataje jambo lenyewe, athari yake kwa masomo, kisha hatua alizochukua. Hahitaji kulia katika karatasi. Mambo yenyewe yatosha. Asibuni lolote, kwani mwombaji huthibitisha kwamba aliyoyaandika ni kweli, na uongo ukigundulika waweza kumgharimu nafasi yake.

Suala hili lamgusa mgonjwa pia. Binti yule anajua mama alivyoitikia kwa kichwa maelezo ambayo hakuyaelewa. Akiwa daktari, huenda akawa wa kwanza kuuliza, "Mama, umenielewa?"