SOMO LA KIKUNDI: TUMEKUWA WANGAPI, NA TUTAKUWA WANGAPI?



Kwa somo hili tafuteni kikombe kimoja cha mahindi, mkebe mtupu, majivu kidogo, na mahali pa kukaa palipofagiwa. Anayeongoza asome sehemu moja, anyamaze, watu waulizane kwanza, ndipo aendelee. Msikimbie. Afadhali mmalize kwa mikutano miwili kuliko kumaliza leo na kusahau kesho.

KWA NINI TUHESABU?

Wazee wengi hawakupenda watoto wahesabiwe kwa kidole. Ukimuuliza mtu ana watoto wangapi alikujibu, "Wapo tu." Aliogopa kuleta mkosi. Desturi hiyo tunaiheshimu, na mbele tutaona namna ya kuhesabu bila kumnyoshea mtu kidole. Lakini kikundi kinachojenga tangi bila kujua watu watakaokunywa, kitajenga tangi dogo. Serikali nayo hutazama idadi ya watu, pamoja na mambo mengine, inapogawia kaunti pesa na kuchora mipaka ya maeneo ya bunge. Asiyehesabiwa hukosa fungu lake.

1. TUKO WANGAPI?

Hizi ni hesabu za watu wa Kenya, mwaka kwa mwaka:

1948 – milioni 5.4
1962 – milioni 8.6
1969 – milioni 10.9
1979 – milioni 15.3
1989 – milioni 21.4
1999 – milioni 28.7
2009 – milioni 38.6
2019 – milioni 47.6

Tazameni mwaka 1969 na 1989. Ndani ya miaka 20 watu walikaribia kuwa mara mbili. Mtoto aliyezaliwa 1969, alipofika umri wa kutafuta mahali pa kujenga, alikuta nchi ina watu mara mbili, na shamba la baba yake halijaongezeka hata hatua moja.

2. TUNAISHI WAPI?

Choreni ramani ya Kenya chini kwa majivu. Zaidi ya robo tatu ya ardhi yetu ni kavu au nusu kavu. Watu wengi wamesongamana katika sehemu inayobaki: nyanda za juu, upande wa Ziwa Victoria, na ukanda wa Pwani.

Hesabu ya 2019 ilisema kila kilomita mraba moja ina watu 82. Lakini huo ni wastani, na wastani huficha mengi. Kaunti ya Vihiga ilikuwa na watu zaidi ya 1,000 kwa kilomita mraba, na Marsabit watu 6 tu. Wekeni mahindi juu ya ramani mwone wenyewe.

Hapa mtu atasema, "Basi wa Vihiga wahamie Marsabit, kwani kuna shida gani?" Shida iko. Ardhi ya mfugaji si tupu. Mifugo hutembea mbali kufuata mvua na majani, na malisho yanayoonekana bure leo ndiyo yatakayookoa ng'ombe wakati wa kiangazi. Watu 6 mahali pasipo maji waweza kuwa wengi kuliko watu 600 penye mvua mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo msiulize tu tuko wangapi. Ulizeni pia: maji, udongo na kazi tulizo nazo zinatosha watu wangapi?

Wengine wamejibu swali hilo kwa miguu. Mwaka 2019 Nairobi peke yake ilikuwa na watu milioni 4.4, na karibu Wakenya 3 katika kila 10 walikuwa wakiishi mijini.

3. TUNAONGEZEKA KWA MWENDO GANI?

Miaka ya 1970 ikielekea kwisha, kila watu 100 waliongezeka kwa karibu 4 kila mwaka. Kati ya 2009 na 2019 waliongezeka kwa 2 na kitu. Ili kujua watu watakuwa mara mbili baada ya miaka mingapi, chukua 70 ugawanye kwa ongezeko la mwaka. Ongezeko la 3.8 ni kama miaka 18. La 2.2 ni kama miaka 32. Tumepunguza mwendo, lakini gari halijasimama.

Sasa kuna fumbo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mama wa Kenya alizaa wastani wa watoto 8. Kufikia mwaka 2022 wastani ulikuwa 3.4. Hata hivyo, kutoka 1979 hadi 1989 tuliongezeka milioni 6, na kutoka 2009 hadi 2019 tukaongezeka milioni 9. Inakuwaje mama azae wachache na watu wazidi?

Tupange mahindi. Weka punje moja: huyu ni nyanya. Chini yake weka 8, watoto wake: wavulana 4, wasichana 4. Kila msichana hakufuata mama yake, yeye alizaa 3 tu. Hesabuni: 4 mara 3 ni 12. Nyanya alileta 8, binti zake wameleta 12, ingawa kila mmoja wao alizaa chini ya nusu ya mama yake. Kumbe walioongezeka ni kina mama wenyewe. Tena watoto wengi zaidi wanaishi kwa sababu ya chanjo na maji safi, na hilo ni jambo la kushukuru.

Endeleeni. Katika wale 12, wasichana ni 6. Wakizaa wawili wawili, tunapata 12 tena. Hapo ndipo ongezeko linasimama, kizazi kizima baadaye.

Basi kulaumiana hakusaidii. Walio wengi kesho wamekwisha kuzaliwa. Mwaka 2019, karibu watu 4 katika kila 10 walikuwa chini ya miaka 15. Hao hatuwapangi tena. Tunapanga namna watakavyoishi.

4. KAZI YA KIKUNDI

Hesabuni kijiji chenu hivi. Kila nyumba itie katika mkebe punje moja kwa kila mtu anayelala hapo: mahindi kwa watu wazima, maharagwe kwa walio chini ya miaka 15. Hakuna jina, hakuna kidole. Kisha kila nyumba iseme ni wangapi wameenda mjini kutafuta kazi.

Mkishapata jumla, fanyeni hesabu mbili. Ya kwanza ni maji: tukikadiria mtungi wa lita 20 kwa mtu kwa siku, watu 150 wanahitaji lita 3,000. Je, kisima chenu kinatoa hizo mwezi wa kiangazi? Ya pili ni ardhi: baba mwenye ekari 3 na watoto 4 akigawa sawa, kila mmoja hapati hata ekari nzima. Na hao nao watazaa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Miaka 15 ijayo, kila haragwe lililo katika mkebe litakuwa mtu mzima. Atapata wapi pa kulala na cha kufanya?
2. Tunapogawa shamba, je, wasichana tunawahesabu? Kwa nini?
3. Ni kazi gani kijijini petu haihitaji ekari nyingi: kuku, nyuki, miche, ushonaji, ufundi? Nani anaweza kufundisha wengine?
4. Ni jambo gani moja tutaanza mwezi huu, na nani atalisimamia?

Mwandishi wa kikundi aandike majibu pamoja na jumla ya punje. Kitabu hicho kitunzwe vizuri. Mwakani, tarehe kama hii, leteni mkebe tena mlinganishe.