Skrini Kubwa Si Lazima Iwe Skrini Bora

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo tarakilishi inavyoandika herufi.

Skrini haina wino. Ina vitone vidogo vya mwanga vilivyopangwa safu safu kama punje za mahindi kwenye gunzi. Kila kitone huitwa pikseli. Sasa tazama herufi "l". Imesimama wima, hivyo vitone huichora bila taabu. Je, "s" na "w"? Hapo ndipo penye kazi! Mkunjo na mshazari ukichorwa kwa vitone hutokea vidato kama vya ngazi. Vitone vikiwa vikubwa, vidato huonekana. Vikiwa vidogo sana, jicho haliwezi kuvitenga, nayo herufi huonekana laini kama ya kitabuni.

Watu wengi hudhani ati skrini ikiwa pana ndipo maandishi huwa bayana. La hasha! Cha muhimu ni idadi ya vitone katika kila inchi. Skrini yenye upana wa inchi 20 na vitone 1920 kwa upana ina vitone 96 kwa inchi. Nyingine ya upana uo huo yenye vitone 3840 ina 192. Mtindo wa VGA ulioletwa na IBM mwaka wa 1987 ulikuwa na vitone 640 kwa 480, jumla 307,200. Mwaka wa 2001 kampuni iyo hiyo ilitoa skrini iitwayo T220 yenye vitone 3840 kwa 2400, yaani zaidi ya milioni 9!

Wataalamu pia wana ujanja wao. Kandokando ya herufi nyeusi hutiwa vitone vya kijivu ili vidato visijitokeze. Isitoshe, kila kitone kina sehemu tatu: nyekundu, kijani na samawati. Mwaka wa 1998 Microsoft ilitangaza ClearType, mbinu inayotumia kila sehemu peke yake. Ujanja huu husaidia, lakini haushindi wingi wa vitone.

Basi kumbuka haya:

1. Kabla ya kununua skrini, usiulize inchi tu. Uliza pia vitone.

2. Skrini bapa za siku hizi zina idadi yake halisi ya vitone. Ukiiwekea idadi nyingine, herufi huingia ukungu, nawe utakodoa macho mpaka kichwa kikuwange. Irudishe idadi halisi. Hutalipa hata senti.

3. Herufi zikiwa ndogo mno, ongeza ukubwa wa herufi. Usipunguze vitone.

Zoezi: Skrini A ina upana wa inchi 24, na skrini B inchi 16. Zote zina vitone 1920 kwa upana. Ukizitazama kwa umbali mmoja, ni ipi itakayoonyesha maandishi bayana zaidi? Toa sababu.