Vipimo na Majina Yake

Kupima ni kulinganisha kitu ambacho kiasi chake hakijulikani na kitu kingine ambacho kiasi chake kimekwisha kukubaliwa na watu. Tukisema, "Ukuta huu una urefu wa mita 6," maana yake ni kwamba ukichukua kijiti cha mita moja na kukilaza kandokando ya ukuta mara sita, utafika mwisho wake. Basi katika kila kipimo mna mambo mawili: idadi na jina. Idadi yatuambia ni mara ngapi. Jina latuambia ni mara ngapi ya kitu gani. Mwanafunzi aandikaye "6" peke yake hajajibu swali, hata kama hesabu yake ni sahihi. Katika somo hili tutaona kwa nini.

1. Vipimo vya wazee

Hapo kale watu walipima urefu kwa viungo vya miili yao. Katika pwani yetu, shibiri ilikuwa toka ncha ya kidole gumba hata ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa. Shibiri mbili zilifanya dhiraa moja, yaani toka kiwiko hata ncha ya kidole cha kati. Dhiraa mbili ni wari, na wari mbili ni pima, yaani urefu wa mikono yote miwili iliyonyoshwa.

Vipimo hivi vilikuwa na faida kubwa, maana mtu hawezi kuusahau mkono wake nyumbani. Lakini vilikuwa na hasara pia. Mikono ya watu haiwi sawa. Anunuaye nguo hupenda ipimwe kwa mkono mrefu, naye auzaye hupenda mkono mfupi. Tena palikuwa na dhiraa kamili, iliyofika ncha ya kidole, na dhiraa konde, iliyoishia kwenye ngumi iliyofumbwa. Mtu aliyepatana bei ya dhiraa kumi bila kuuliza ni dhiraa ipi, alijitafutia ugomvi.

Nafaka nayo ilipimwa kwa kibaba. Vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Hata hapa neno moja halikutosha, kwa kuwa kibaba cha tele ni kile kilichojazwa hata kikafanya kichuguu juu, na kibaba cha mfuto ni kile kilichopanguswa sawasawa na ukingo. Aliyekopa kwa mfuto akalipa kwa tele alipata hasara, ingawa idadi ya vibaba ilikuwa ile ile.

2. Ujazo na uzani

Fahamu ya kuwa kibaba hakipimi uzani. Hupima ujazo, yaani nafasi ambayo kitu huijaza. Uzani hupimwa kwa mizani. Jaza debe moja pamba na debe la pili mchanga. Ujazo ni mmoja, lakini mtoto aweza kulibeba la kwanza, na la pili litamlemea hata mtu mzima.

Vivyo hivyo kwa vitu vya majimaji. Lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja. Lita moja ya mafuta ya taa ina uzani wa kadiri ya kilo 0.8 tu, na ndiyo sababu mafuta hayo huelea juu ya maji. Chuma kijazacho nafasi ya lita moja kina uzani wa karibu kilo 8. Kwa hiyo, mtu akitaka kugeuza lita kuwa kilo, sharti ajue kwanza ni lita za kitu gani.

3. Mita ilivyopatikana

Ugomvi wa vipimo haukuwa wa pwani yetu peke yake. Katika Ufaransa kila jimbo lilikuwa na vipimo vyake. Mwaka 1791 wataalamu wa nchi hiyo walikata shauri kutafuta kipimo kisicho cha mkono wa mtu yeyote, bali cha dunia yenyewe. Walichukua masafa toka ncha ya kaskazini ya dunia hata ikweta, wakayagawa mafungu 10,000,000. Fungu moja wakaliita mita. Ili kuyajua masafa hayo, wataalamu wawili, Delambre na Méchain, walipima nchi toka Dunkirk hata Barcelona, toka mwaka 1792 hata 1798.

Tarehe 20 Mei 1875, mataifa 17 yalitia sahihi mapatano ya vipimo katika mji wa Paris. Tangu mwaka 1983 mita imefafanuliwa kwa mwendo wa nuru: ni masafa ambayo nuru huyapita, mahali pasipo na hewa, katika fungu moja la sekunde iliyogawanywa mafungu 299,792,458.

4. Ndege iliyoishiwa mafuta

Sasa sikilizeni mambo yaliyotokea katika Kanada tarehe 23 Julai 1983. Ndege kubwa yenye watu 69 ilikuwa yasafiri toka Montreal, kupitia Ottawa, hata Edmonton. Ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Chombo cha kuonyesha mafuta kilikuwa kimeharibika, basi mafuta yaliyomo yakapimwa kwa kijiti, yakaonekana kuwa lita 7,682.

Iliwapasa wahusika kuzigeuza lita hizo kuwa kilo kwa kuzidisha kwa 0.8. Badala yake walizidisha kwa 1.77. Namba hiyo haikuwa ya uongo, lakini ilikuwa namba ya kugeuza lita kuwa ratli, na ratli moja haifiki hata nusu kilo. Walipata 13,597, wakazidhani kuwa kilo. Kwa hiyo waliongeza lita zipatazo 4,917 tu, na ilipasa waongeze karibu lita 20,000.

Ndege iliruka. Ilipofika juu futi 41,000 mafuta yakaanza kwisha, na baada ya muda kidogo injini zote mbili zikazimika. Kwa bahati njema rubani alikuwa amezoea kurusha ndege zisizo na injini. Aliiteremsha kimya kimya kama tai, hata akaitua Gimli, penye kiwanja cha ndege cha zamani. Wachache waliumia kidogo, na hakuna aliyekufa.

Angalieni sana: kuzidisha kwao na kutoa kwao kulikuwa sahihi. Kilichopotea ni jina la kipimo, na kwa ajili ya jina hilo watu 69 walikuwa karibu kupotea.

5. Faida ya somo hili

Usidhani ya kuwa mambo haya ni ya marubani tu. Mama apewaye dawa ya mtoto akaambiwa, "Mpe tano," na aulize, "Tano za nini?" Mililita 5 ni kijiko kidogo, vijiko vikubwa 5 vyaweza kumdhuru mtoto. Miligramu 1,000 ni gramu moja tu. Achanganyaye majina hayo hukosa mara elfu. Mkulima naye auzaye mazao kwa gunia, bila kutaja kilo, humwachia mnunuzi nafasi ya kulishindilia gunia hata lipite kiasi. Basi kila uandikapo idadi, liandike na jina lake; na kila usikiapo idadi isiyo na jina, uliza.

Maswali

1. Pima urefu wa dawati kwa shibiri zako, kisha mwenzako apime kwa shibiri zake. Je, idadi ni moja? Eleza sababu.
2. Kibaba cha tele na cha mfuto vyatofautianaje?
3. Lita 20 za mafuta ya taa zina uzani wa kilo ngapi? Na lita 20 za maji?
4. Jumla ya mafuta yaliyokuwamo katika ndege iliporuka ilikuwa lita ngapi? Zigeuze kuwa kilo kwa kuzidisha kwa 0.8, kisha linganisha na kilo zilizohitajiwa.