Mshikamano kwa Lugha ya Nani? Kiswahili na Wakuba katika Vita vya Kongo, 1965

Utangulizi

Tangu Karl Marx na Friedrich Engels walipowahimiza wafanyakazi wa nchi zote kuungana, mwaka 1848, wafuasi wa usoshalisti wameshikilia kwamba mnyonge wa nchi moja ni ndugu wa mnyonge wa nchi nyingine. Msimamo huu, yaani usoshalisti wa kimataifa, aghalabu hujadiliwa kwa kuzingatia siasa, silaha na fedha. Makala haya yanaujadili kwa kuzingatia lugha. Yanachunguza nafasi ya Kiswahili katika safari ya Ernesto Che Guevara na Wakuba wenzake mashariki mwa Kongo mwaka 1965, na yanadai kuwa mshikamano usiokuwa na lugha ya wananchi wa kawaida huishia kuwa mshikamano wa viongozi.

Usuli wa Kihistoria

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na Patrice Lumumba akauawa Januari 1961. Mwaka 1964 uasi ulizuka mashariki mwa nchi. Wapiganaji wake, waliojulikana kwa jina la Kiswahili, Simba, waliuteka mji wa Stanleyville (Kisangani ya leo) mwezi Agosti. Novemba mwaka uo huo, askari wa Ubelgiji waliobebwa na ndege za Marekani walishuka mjini humo, na mji ukarudi mikononi mwa serikali ya Moïse Tshombe. Waasi walibaki na maeneo machache, likiwemo la Fizi na Baraka karibu na Ziwa Tanganyika.

Kuba iliamua kuwasaidia. Kupitia Dar es Salaam na Kigoma, Guevara alivuka ziwa na kufika Kongo tarehe 24 Aprili 1965. Wakuba zaidi ya mia moja walipelekwa huko, wengi wao wakiwa weusi.

Kiswahili katika Majina

Wakuba walijipa majina ya siri kwa kutumia idadi za Kiswahili. Víctor Dreke, aliyetambulishwa kama kamanda, aliitwa Moja. José María Martínez Tamayo aliitwa Mbili. Guevara, kiongozi halisi, alijiita Tatu, na wenyeji wakaambiwa mwanzoni kuwa yeye ni daktari na mkalimani wa Kifaransa. Majina haya yalificha utambulisho pamoja na ngazi ya uongozi. Aidha, Carlos Coello alipewa jina Tumaini. Lilifupishwa kuwa Tuma, naye akaenda nalo hadi Bolivia alikouawa mwaka 1967. Hivyo neno la Kiswahili lilifika katika misitu ya Amerika ya Kusini.

Hata hivyo, kuazima maneno ni jambo moja, na kuimudu lugha ni jambo jingine.

Mipaka ya Mawasiliano

Kambini mlikuwa na lugha kadhaa. Wakuba walizungumza Kihispania. Viongozi Wakongo waliosoma katika shule za wakoloni walikijua Kifaransa. Wapiganaji wa kawaida walitumia Kiswahili cha mashariki mwa Kongo pamoja na lugha zao za mama. Vilevile, walikuwepo Wanyarwanda waliokuwa uhamishoni, wenye lugha yao. Amri ililazimika kupitia vinywa viwili au vitatu kabla ya kumfikia aliyetakiwa kuitekeleza.

Tarehe 29 Juni 1965, kambi ya kituo cha umeme cha Bendera ilishambuliwa. Wakuba wanne na Wanyarwanda zaidi ya kumi walikufa, ilhali Wakongo wengi walikimbia au hawakupigana. Si haki kuibebesha lugha lawama yote. Viongozi walikuwa na mizozo, Laurent Kabila alikuwa nje ya uwanja wa vita kwa muda mwingi, na maradhi yaliwadhoofisha Wakuba. Lakini ukosefu wa lugha ya pamoja uliyakuza matatizo hayo yote.

Mfano mmoja unatosha. Wapiganaji walipotakiwa kubeba mizigo, walikataa wakisema kuwa wao si magari. Baadaye wengine wakasema kuwa wao si Wakuba. Katika usemi wao, kikanushi kilikuwa ‘hapana’ pahali pa ‘si’, kama ilivyo kawaida katika Kiswahili cha huko. Kisiasa, kauli hiyo ya pili ni nzito: ina maana kwamba, machoni pa mpiganaji, kazi ngumu ilikuwa ya mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu alimtaka mgeni ampiganie vita vyake.

Mfano wa pili ni neno ‘dawa’. Wapiganaji waliamini kuwa dawa ya mganga ingewakinga na risasi, mradi watimize masharti yake. Imani hii inakumbusha Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kwa Wakuba, dawa ilikuwa kizuizi cha nidhamu ya kijeshi. Kwa wapiganaji, ilikuwa chanzo cha ujasiri. Tofauti hiyo ilihitaji mazungumzo ya kina, nayo mazungumzo ya kina hayawezekani kwa msamiati wa kuhesabu na kusalimiana.

Guevara mwenyewe aliligundua hilo. Katika kumbukumbu zake, alizoziandika Dar es Salaam baada ya kushindwa, alijilaumu kwa kutojifunza Kiswahili vya kutosha. Kifaransa kilimwezesha kuongea na viongozi, lakini kilimtenga na wapiganaji wa kawaida.

Hitimisho

Oktoba 1965 Tshombe aliondolewa madarakani, na mataifa ya Afrika yakaelekea kwenye mapatano. Tanzania nayo iliitaka Kuba isitishe msaada wake. Wakuba walivuka ziwa kurudi Kigoma tarehe 21 Novemba, na siku tatu baadaye Mobutu akatwaa mamlaka.

Funzo hili halijachakaa. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka huo huo wanajeshi wa Kenya walitumwa mashariki mwa nchi hiyo chini ya jumuiya hiyo, wakaondoka mwishoni mwa 2023. Hawa walikuwa na Kiswahili ambacho Tatu alikikosa. Lakini Kiswahili cha Nairobi si cha Fizi, na anayekwenda Kongo kusahihisha ‘hapana’ ya wenyeji kabla ya kusikia wanachokikataa atakuwa amerudia kosa lile lile. Ni jukumu la wanafunzi wa Kiswahili kuzichunguza lahaja za Kongo kwa heshima sawa na ile wanayoipa lugha sanifu.